Uvunguni mwa gari la Salamabila

Salamabila iko mbali na bahari, na katika teritwari nzima ya Kabambare hakuna aliyewahi kumwaga chumvi barabarani ili kuyeyusha barafu. Ukisoma vitabu vya magari vinavyoandikwa Ulaya na Amerika, utadhani gari la hapa lina bahati: litateswa na mashimo, litateswa na mizigo, lakini kutu italipita kando. Lala chali chini ya pikapu iliyofanya kazi misimu michache kati ya Lulimba, Salamabila na Kasongo, uone kama ni kweli. Pale shasi inapopinda kupanda juu ya ekseli ya nyuma, rangi imetutumka. Ukigusa kwa bisibisi, ncha inazama. Juu bodi inang'aa, maana mwenyewe aliiosha asubuhi. Uvungu haupigwi picha gari linapouzwa, na wengi huujua siku springi inapong'oka na kipande cha shasi.

Salamabila ni mji wa dhahabu. Wachimbaji wadogo wamejaa, na mgodi wa Namoya, uliokuwa wa kampuni ya Banro ya Kanada, ulianza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016 kabla ya mambo ya bunduki kuusimamisha mwaka 2019. Dhahabu yenyewe haidai lori, mfuko wa shati unaitosha. Vinavyodai lori ni vitu vingine vyote: dizeli, saruji, mabati, bia, sabuni, sukari, chumvi, mitumba, dagaa wa ziwani. Bidhaa nyingi hutoka upande wa Ziwa Tanganyika, zikapita Fizi na Lulimba, kisha zikaingia jimbo letu la Maniema kwa barabara ya udongo ambayo mvua ikikolea huwa poto-poto. Lori linakwama, linachimbuliwa kwa majembe, linakwama tena mbele kidogo. Usiku ukiingia linalala pale pale, tope limefika kwenye ekseli. Gari la namna hiyo halirukiwi na tope, linalala ndani yake.

Si jambo jipya huku. Mwaka 1870 David Livingstone alikwama Kabambare, ambapo yeye alipaandika Bambarre, na kilichomzuia kuendelea na safari kilikuwa vidonda vya miguu baada ya kutembea kwenye mvua, matope na mito. Msafiri wa miguu naye ana uvungu wake.

Kwa nini tope lile chuma kuliko mvua? Chuma hushika kutu pale maji na oksijeni vinapokutana juu yake. Vumbi la kiangazi, likiwa kavu, halina madhara makubwa. Mvua nayo hupita: gari likitembea, upepo na joto la injini hukausha sehemu kubwa ya chini. Tope lililojibana nyuma ya madigadi, juu ya tangi la mafuta, au ndani ya mihimili ya shasi, hutunza maji siku nyingi baada ya jua kurudi. Tena lina hila ambayo wengi hawaitarajii. Chuma kilichofunikwa na tope nene hupata hewa kidogo, kilicho pembeni hupata hewa nyingi. Maadamu unyevu unaviunganisha, tofauti hiyo huzalisha mkondo mdogo wa umeme, na upande ulionyimwa hewa ndio unaoyeyuka. Kwa hiyo ukibandua donge la tope unakuta chuma kimeliwa chini yake, mahali ulipodhani pamefunikwa na kusitirika. Machimboni hali inaweza kuwa mbaya zaidi, kwani mawe yenye dhahabu mara nyingi huja pamoja na madini ya salfa, ambayo yakikutana na hewa na maji hutoa asidi.

Wabunifu wa magari wanalijua tatizo hili tangu zamani. Shasi ya Hilux au ya Land Cruiser ni mihimili miwili mirefu yenye uwazi ndani, na imetobolewa matundu ili maji yanayoingia yapate pa kutokea. Milango nayo ina matundu chini, vivyo hivyo boksi refu lililo chini ya kizingiti cha mlango. Matundu hayo ndiyo kinga ya kwanza ya gari. Hayauzwi dukani, hayaishi muda wake, na ndiyo yanayozibwa mapema kuliko kitu kingine chochote: kwanza na tope la njiani, halafu na brashi ya fundi aliyepaka lami bila kutazama anapaka wapi.

Chumvi, hata hivyo, inafika Salamabila, na moja ya njia zake ni gari lenyewe. Mwaka 1990 Japani ilipitisha sheria dhidi ya matairi yenye misumari, kwa sababu wakati wa baridi yalikuwa yakikwangua lami na kuijaza miji vumbi. Ilikuwa hatua njema kwa mapafu ya watu wa Sapporo. Lakini dereva aliyenyang'anywa misumari alitaka barabara isiyoteleza, na matumizi ya kemikali za kuyeyusha barafu yakapanda sana. Chumvi ya kawaida huanza kulowa yenyewe hewa inapofikia unyevu wa asilimia 75 hivi. Kloridi ya kalsiamu, ambayo nayo humwagwa barabarani, hunyonya maji hata hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 30. Sasa chukua gari lililofanya kazi miaka kumi kaskazini mwa Japani, likashushwa Dar es Salaam, likapelekwa hadi ziwani au likapita Bujumbura, likaingia Uvira. Chumvi iliyojificha ndani ya mihimili haikushuka njiani. Ikifika Maniema msimu wa mvua, inakuta hewa iliyolowa kutwa na usiku kucha, na inaendelea na kazi pale ilipoiachia. Anayenunua gari la Japani ana haki ya kuuliza lilitumika mkoa gani, na muuzaji anayejibu kwamba Japani yote ni sawa asiaminiwe.

Njia nyingine ni ya kale kuliko magari, nayo ni chumvi kama mzigo. Chumvi ya Uvinza, mashariki ya Kigoma, ilivuka ziwa kwa biashara tangu kabla ya Wazungu kufika. Leo gunia likilowa kwenye bodi ya lori, maji yake hupenya kati ya mbao, hudondokea kwenye shasi na kubaki pale chuma kinapokutana na chuma. Samaki wa chumvi nao hawana tofauti. Lori lililobeba shehena kama hiyo linastahili maji mengi masafi, ndani ya bodi na chini yake, kabla ya kupakia kitu kingine. Wachache hufanya hivyo, kwa sababu safari ya kurudi inasubiri.

Nije sasa kwenye lami yenyewe, ile andakoti nyeusi ambayo mafundi wa mjini hupaka chini ya gari na kuliita limetibiwa. Biashara ya kukinga uvungu dhidi ya kutu ina zaidi ya miaka 60. Mwaka 1959, mjini Detroit, fundi aitwaye Kurt Ziebart alianza kupulizia dawa ya kuzuia kutu ndani ya magari, akitoboa matundu madogo ili mpira wa kupulizia ufike kwenye mianya iliyofungwa. Jambo alilolielewa Ziebart ndilo linalosahauliwa karakana nyingi: sehemu unayoiona ukilala chini ya gari si ile inayooza kwanza. Kuoza huanza ndani ya mhimili, kwenye mkunjo wa bati, kati ya vipande viwili vilivyobanwa pamoja. Brashi haifiki huko.

Lami ya uvunguni inapendwa kwa sababu ni rahisi, ni nene, na humfurahisha mwenye gari papo hapo. Ikiwa mpya huwa laini na hushika vizuri, tena hupunguza kelele za changarawe. Miezi ikipita, joto na mawe huifanya ngumu. Inapasuka nyufa nyembamba, maji yanapenya nyuma yake, na hayana njia ya kutoka. Hapo kinga imegeuka tope jingine, jeusi, lisilobanduka. Chini yake kutu huendelea kwa raha, kwa sababu hakuna jicho linaloiona. Fundi aliyeipaka juu ya chuma kichafu, au juu ya kutu iliyokwisha kuanza, ameifungia ndani.

Ndiyo maana mimi humwogopa muuzaji mwenye gari lenye uvungu mweusi tii kuliko yule ambaye gari lake lina kutu ya juujuu inayoonekana. Kutu ya rangi ya chungwa juu ya chuma kinene ni jambo la brashi ya waya na rangi. Lami mbichi kwenye gari kuukuu inataka maswali. Tazama kama imepakwa hadi juu ya nati, mipira ya breki na bomba la moshi, maana kiwanda hakipaki hivyo. Gonga shasi kwa nyundo ndogo kuanzia mbele hadi nyuma: chuma kizima hulia, kilicholiwa hujibu kwa sauti ya kufifia na kudondosha magamba. Pita na sumaku mahali pa kutiliwa shaka, kwa sababu putini haishiki sumaku. Usisahau mabomba membamba ya breki yanayofuata shasi. Huliwa chini ya vibano vyake, mahali pasipoonekana, na yakipasuka kwenye miteremko ya Fizi huna tena habari ya kutu, una habari ya msiba.

Wala asije mtu akasema kwamba shasi ya kampuni kubwa haiozi. Nchini Marekani, Toyota ililazimika mwaka 2008 kuongeza udhamini wa shasi za pikapu za Tacoma za miaka ya 1995 hadi 2000, na magari mengine ikayanunua tena kutoka kwa wenyewe. Mwaka 2016 ikakubali mapatano ya kesi kuhusu shasi za Tacoma, Tundra na Sequoia, ambayo thamani yake ilikadiriwa kufikia dola bilioni 3.4. Hizo ni shasi za soko la huko, si za Land Cruiser tunazoziona Kasongo. Bado kesi hiyo inaonyesha kwamba kinga ya kiwandani ikiwa na kasoro, jina lililoandikwa mbele ya gari halisaidii.

Huku kwetu kuna kasoro nyingine isiyoandikwa katika kitabu chochote cha kiwanda, nayo ni kuchomelea. Lori la njia ya Salamabila huchomelewa mara nyingi maishani mwake. Kila mara moto unapopita, unaunguza rangi na kinga pande zote mbili za chuma, ule wa fundi na ule wa ndani asioufikia. Fundi hupiga rangi nje, jenereta linazimwa, gari linaondoka. Ndani ya mhimili kumebaki ukanda wa chuma uchi, na mvua ijayo ndiyo inayoupaka. Ukiona shasi imekatika sentimita chache kando ya kiraka cha zamani, usiulaumu mzigo peke yake.

Tena kuna mtindo wa kuongeza bati la pili juu ya shasi ili lori libebe zaidi. Kwa nguvu, hoja ina mashiko. Kwa kutu, ni kujenga nyumba ya maji: mabati mawili yaliyobanana huacha mwanya mwembamba ambao maji hupanda yenyewe na kukaa. Chuma kinapokuwa kutu hutaka nafasi kubwa mara kadhaa kuliko kilivyokuwa, kwa hiyo mabati huanza kusukumana, ribiti zinavutika, na kati ya boliti na boliti unaona uvimbe. Anayetaka kuongeza bati apake praima yenye zinki nyuso zote mbili kabla ya kuzibana, kisha azibe ukingo wa juu ambako maji huingilia na kuuacha wa chini wazi. Ni kazi ya saa moja zaidi. Sijui kwa nini inaonekana kama anasa.

Dawa inayotumika zaidi ya zote ni mafuta ya vidanji. Injini ikibadilishwa mafuta, yale machafu humwagwa kwenye chupa ya kupulizia au kwenye tambara na kupakwa chini ya gari. Wanaofanya hivyo hawakosei kwamba mafuta huzuia maji. Wanakosea mafuta gani na wakati gani. Mafuta yaliyotumika yana asidi na chembe za madini kutoka ndani ya injini. Hulainisha na kuvimbisha baadhi ya mipira ya uvunguni, ni mepesi, hivyo hukusanya vumbi na kuondoka na mto wa kwanza. Mto huo huo, uwe Luama au kijito kisicho na jina, kuna mtu anateka maji chini kidogo. Hilo pekee lingetosha kuyaacha.

Ushahidi mzuri kuliko wote wa kazi ya grisi uko ng'ambo ya ziwa, Kigoma. Meli ya Graf von Goetzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa na kusafirishwa vipande vipande katika masanduku yapatayo 5,000, ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata, majeshi ya Ubelgiji yalipokaribia, Wajerumani waliamua kuizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi. Mafundi watatu waliokuja nayo kutoka kiwandani hawakutaka ife. Kabla ya kuizamisha tarehe 26 Julai 1916, walizipaka injini grisi nzito. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena katika dhoruba. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, mashine zake zikiwa bado zinafaa. Angalia namna ilivyofanyika: grisi safi, nene, juu ya chuma kikavu, kabla maji hayajakifikia. Ikasaidia pia kwamba maji ya Tanganyika si ya chumvi. Vidanji inayopuliziwa juu ya tope bichi, kwenye shasi ambayo imeanza kuoza, haina hata moja ya sifa hizo isipokuwa jina la mafuta.

Basi anayetaka kukinga gari lake kwa dhati aanze na maji. Uvungu uoshwe kwa shinikizo, kutoka ndani kuelekea nje, juu ya tangi, nyuma ya taa za nyuma, ndani ya mihimili kwa kuingiza mpira kwenye matundu, mpaka maji yatoke masafi. Matundu yote yazibuliwe kwa waya. Halafu gari likae juani likauke kweli, angalau siku nzima, na hapa ndipo subira huwaishia wengi. Kutu iliyolegea iondolewe kwa brashi ya waya na tindo. Inayobaki kwenye vinyweleo vya chuma ipakwe dawa yenye asidi ya fosfori, ambayo huigeuza kutu kuwa tabaka gumu la fosfeti. Praima ifuate. Juu yake, badala ya lami ngumu, ningechagua nta au grisi laini ya kuzuia kutu, ile inayobaki na unyevunyevu kidogo ukiigusa kwa kidole. Jiwe likiichuna, inajivuta na kufunga tena. Haing'ai, hukusanya vumbi, na lazima irudiwe kila mwaka. Wauzaji hawaipendi kwa sababu hizo hizo. Ndani ya mihimili na milango ipuliziwe nta nyepesi kwa mpira mrefu, iingie kwenye mikunjo. Lami, kwa anayeitaka, iwekwe ndani ya matao ya magurudumu tu, kwenye chuma kisafi chenye praima, ambako changarawe hupiga zaidi.

Kuna sehemu zisizopakwa kitu: diski na vitambaa vya breki, bomba la moshi, propela, mipira ya breki, kidude cha kupumulia cha difu, na matundu ya maji. Nta kwenye bomba la moshi hutoa moshi na inaweza kuwaka. Kwenye breki haihitaji maelezo.

Nimeongea habari ya malori na pikapu, lakini chombo cha wengi Salamabila ni pikipiki, na uvungu wake hausemwi kabisa. Fremu ya pikipiki huliwa pale stendi inapoungana nayo, kwenye mkono unaoshika gurudumu la nyuma, na chini ya madigadi ya nyuma ambako tope hujibana kati ya plastiki na chuma. Kule mtoni abiria na dereva huosha tangi na kiti mpaka ving'ae. Dakika tano za kuinua madigadi na kuchokoa tope lililo nyuma yake zina faida kuliko sabuni yote hiyo, na kidole cha grisi kwenye maungio ya stendi hakina gharama ya kutajwa.

Wakati wa kazi hii ni kiangazi, Juni hadi Agosti, barabara inapopitika na chuma kinapokubali kukauka. Fundi atakayekupokea Novemba, gari likiwa linadondosha maji, anakuuzia rangi tu. Mvua zikishika, baada ya safari ya kwanza ya tope rudi uvunguni na tochi. Palipochunwa na mawe papakwe siku hiyo hiyo, hata kwa kidole, na mkebe mdogo wa nta ukae kwenye sanduku la vifaa pamoja na jeki na waya wa kuzibulia matundu.